Usinunue hizo saa 40 za mkononi kwa wagonjwa wa konzo

Mkuu, usilipe kwanza. Umesema unataka saa 40 za mkononi kuhesabu hatua za watu waliopooza miguu kwa konzo, ule ugonjwa wa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, huko Kahemba, Kongo (DRC). Umeuliza zivaliwe siku ngapi, programu gani ichambue, na kama kipimo cha kutembea dakika 6 bado kinahitajika. Saa hizo zitakupa namba za uongo, na hazitakuonyesha popote kwamba ni za uongo.

Saa ya mkononi husoma mkono unaopepea. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya 1996, mwenye konzo ya kati hutembea kwa fimbo au magongo. Mkono umebana gongo, haupepei, saa inaandika kwamba amekaa. Tena saa nyingi husubiri hatua kadhaa mfululizo ndipo zianze kuhesabu, na mtu mwenye miguu iliyokakamaa huenda hatua sita hadi jikoni, akapumzika, nne hadi mlangoni. Zote zimepotea. Halafu mama huyohuyo akikaa kutwanga muhogo kwenye kinu, saa inamwandikia matembezi! Namba hizo huwezi kuzirekebisha baadaye, maana kosa hubadilika kwa kila mtu na kila saa ya siku. Tulitupa wiki nzima ya data kwa sababu hiyo, na muuzaji aliyetuapia kwamba "hatua ni hatua" alikuwa amezijaribu kwa vijana wazima tu. Hilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu wagonjwa walizivaa kwa uaminifu usiku na mchana.

Badala yake, funga kihisi cha mwendo kwenye kifundo cha mguu, juu kidogo ya mfupa wa nje. Chukua kinachotoa data ghafi ya pande tatu, vipimo 50 au zaidi kwa sekunde. Hata hapo kuna mitego. Mguu wa konzo hutetemeka wenyewe, klonasi, mara 5 hadi 8 kwa sekunde, hata mtu akiwa amekaa, kwa hiyo chuja mwendo wa kasi hiyo. Na usizidishe hatua za mguu mmoja kwa mbili bila kuangalia, kwani anayeruka kwa magongo mawili hupeleka miguu yote pamoja.

Kwa hiyo hesabu kwa macho kwanza, kwa kila mtu, bila kumruka hata mmoja. Atembee hatua 100 kwa magongo yake, kwenye mchanga wa kwao, si kwenye sakafu ya zahanati, nawe umpige video miguuni. Kisha akae dakika 5, kisha atwange dakika 5. Kihisi kikikosea zaidi ya hatua 10 katika 100, au kikitoa hata hatua moja akiwa amekaa, badilisha mipangilio yake na urudie. Mkanda usibane, ngozi ikaguliwe kila siku.

Siku 7 zinatosha, siku ya soko iwemo. Weka hapa picha ya kihisi unachokitaka kabla hujatoa hela.