Maswali na majibu: Neema haina bei

Kama tumeokolewa kwa neema, nikiendelea na dhambi kuna shida gani?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara aliyeuliza hajafungua Warumi 6. Paulo alilijibu: "Hasha!" Soma na Tito 2:11-12. Neema inatufundisha kukataa ubaya. Asiyetaka kufundishwa asiseme ameipokea.

Paulo anasema tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo; Yakobo anasema imani bila matendo imekufa. Yakobo anampinga Paulo?

Hapana. Someni Waefeso 2 hadi mstari wa 10, msiishie wa 9: hatuokolewi kwa matendo, ila tumeumbwa tutende mema.

Neema ni ya wote au ya wateule tu?

Uholanzi, mwaka 1610, wafuasi wa mwanatheolojia Jacobus Arminius waliandika kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, na kwamba mtu aweza kuikataa neema. Sinodi ya Dort (1618–1619), mkutano mkuu wa kanisa la huko, ikawakatalia: kifo cha Kristo chatosha kwa ulimwengu mzima, ila kinawaokoa kwa hakika wateule peke yao. Wahubiri wengi wakavuliwa huduma. Siasa nayo ilikwisha kujipenyeza, na Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi aliyewakingia kifua, akakatwa kichwa Mei 1619 akiwa mzee wa miaka 71. Mimi nasimama na 1 Timotheo 2:4, Mungu hutaka watu wote waokolewe. Lakini ninyi mnaomwita Mkalvini (anayeshika msimamo huo wa Dort) mpagani kwenye makundi ya WhatsApp, acheni. Ni ndugu yetu, na tumekwisha kuona ubishi wa namna hiyo unavyofika kwenye damu.

Wakatoliki na Walutheri bado wanagombania kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu?

Si kama zamani. Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, walitia saini Tamko la Pamoja: Mungu anatukubali kwa neema tu, si kwa stahili yetu. Wamethodisti wakaliunga mkono 2006. Mwombe mchungaji au padri wako alisome kanisani.

Mtumishi ananitaka nipande mbegu ya laki moja ili neema ya kibali ifunguke. Mama anasubiri vipimo. Nitoe?

Usitoe hata shilingi. Simoni mchawi alimletea Petro fedha, akajibiwa: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Sadaka ni shukrani kwa ulichokwisha kupewa. Ukiona bahasha zimeandikwa viwango, wa laki wanaombewa mbele kwa kuwekewa mikono na wa elfu tano wanaombewa kwa jumla wakiwa kwenye viti, hapo neema inauzwa, na muuzaji hana mali hiyo. Ondoka. Hiyo laki ipeleke hospitali kesho asubuhi, mama apimwe.