Kabla ya kumwita mkaidi, muulize kama aliwahi kukabwa koo

Manusura wa vipigo vya mwenza amekosa miadi mara tatu. Leo anasema tukio lilikuwa Jumamosi, kesho anasema Jumapili. Anaitikia kila unachomwambia, kisha hafanyi hata kimoja. Mhudumu asiyefunzwa huandika kwenye faili: "Hatoi ushirikiano." Ubongo ulioumia huonekana hivyohivyo, na mafunzo ya wanaohudumia manusura wa vipigo vya wenza yaanzie hapo.

Kinachokosewa kwanza ni swali. Ukiuliza, "Umewahi kuumia ubongo?" atasema hapana, maana hajawahi kuliita hivyo. Hata "kunyongwa" huwapotosha wengi, kwa kuwa masikioni mwao aliyenyongwa ni aliyekufa. Uliza kitendo. Alikupiga kichwani au usoni? Alikugongesha ukutani? Alikutikisa kwa nguvu? Alikukaba koo, au alikuziba pumzi kwa mto? Ndipo uulize kilichofuata: uliona giza, ulizinduka ukiwa chini, ulijikojolea? Hilo la mwisho halisemwi mpaka liulizwe, nalo laweza kuashiria kwamba alipoteza fahamu. Wahudumu walifanyie mazoezi wawili wawili, kwa sauti, hadi waulize bila kutazama chini.

Kukabwa kunastahili somo lake. Fahamu huweza kupotea ndani ya sekunde 10 hivi, na shingo isibaki na alama yoyote. Sauti kukwaruza, kumeza kwa maumivu, vidoa vyekundu machoni, pumzi kukata: hospitali siku hiyohiyo. Mshipa wa shingo uliochanika kwa ndani unaweza kuleta kiharusi siku au wiki kadhaa baadaye, hivyo "nilishapona" haitoshi. Nayo picha ya kichwa isiyoonyesha kitu haiondoi uwezekano wa mtikisiko wa ubongo.

Kikao nacho kibadilike. Dakika 20 au 30, taa kali izimwe, jambo moja moja, naye arudie kwa maneno yake mlichokubaliana. Mpango wa usalama wa kurasa nne hausomeki kichwa kikigonga. Hatua tatu zinamtosha. Ziandike kwa herufi kubwa, ila muulize kwanza karatasi itafichwa wapi. Ujumbe wa kumkumbusha miadi ni vilevile: simu hiyo huenda inapekuliwa.

Kwenye faili andika alichosema na ulichoona, usiandike jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari. Faili huweza kuitwa mahakamani, na "ana tatizo la ubongo" likishaandikwa, wakili wa aliyempiga atalitumia kumnyang'anya watoto.