Vyumba viwili vya choo kuwa kimoja: kiti mwendo kitaingia?

SWALI: Sisi ni kamati ya soko hapa Moshi. Choo chetu kina vyumba vinane kwenye mstari mmoja, kila kimoja sentimita 90 kwa 120 kwa ndani, kuta za tofali za inchi 6, ujia wa mbele sentimita 120. Vyote ni vya kuchuchumaa. Mlangoni kuna ngazi mbili, jumla sentimita 34. Fundi anasema tubomoe ukuta kati ya vyumba viwili vya mwisho, tupanue mlango, tuweke sinki la kukaa, basi. Inatosha kwa mtu wa kiti mwendo? (Katibu wa kamati)

JIBU: Ndugu Katibu, fundi wenu ameanza vizuri ila ameishia njiani. Ukuta huo ukiondoka mnapata 90 na 15 na 90, yaani upana wa sentimita 195. Upana huo unafaa. Kasoro ni kina, ambacho kinabaki 120, na kiti mwendo kinahitaji duara la sentimita 150 ili kigeuke. Mtu ataingia, atashindwa kujipanga kando ya sinki, kisha atatoka kinyumenyume.

Bahati nzuri vyumba hivyo viko mwisho wa mstari, kwa hiyo kipande cha ujia kilicho mbele yake hakimpeleki mtu mwingine popote. Kichukueni. Bomoeni na ukuta wa mbele, zibeni ujia kwa kuendeleza ukuta ulio kati ya chumba cha sita na cha saba, mtapata 195 kwa 255. Chumba cha 150 kwa 220 tayari hutumika, kwa hiyo mna ziada. Kabla ya nyundo ya kwanza, kagueni kama paa limekalia kuta hizo. Kama limekalia, boriti itangulie.

Mlango toboeni kwenye ukuta wa mwisho wa jengo, sehemu iliyokuwa ujia, na lenta juu yake. Uwazi halisi uwe sentimita 90, si fremu ya 90 ambayo ikishatolewa unene wa ubao inabaki 80 na kidogo. Mlango wa nje wa peke yake unamwezesha mtu kuingia na msaidizi wake, hata wa jinsia nyingine. Ufunguke kwenda nje: mtu akianguka ndani na kuuegemea, mlango wa kufungukia ndani hautasukumika. Upande wa ndani wekeni bomba la kulala, urefu wa sentimita 80 hadi 90 kutoka sakafuni, la kuuvutia, na komeo linaloweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu.

Sinki ndilo linaloharibika mara nyingi. Likae pembeni, si katikati ya ukuta: katikati ya sinki iwe sentimita 45 hadi 50 kutoka ukuta wa chumba cha sita, ili upande wa pili ubaki wazi kwa kiti mwendo. Ncha yake ya mbele ifike kama sentimita 75 kutoka ukuta wa nyuma. Sinki fupi likibanwa ukutani, magurudumu hugonga ukuta kabla viti viwili havijalingana, na mtu hulazimika kujirusha. Kikalio kiwe sentimita 45 hadi 48 kutoka sakafuni. Masinki mengi ya dukani hayafiki hapo, kwa hiyo inueni kwa zege, lakini zege hilo lisizidi kitako cha sinki. Likizidi, vikanyagio vya kiti mwendo vinalipiga. Bomba la majitaka lililopo, kama ni la inchi 4, linaendelea kutumika.

Vishikio tengenezeni kwa bomba la maji la inchi moja. Kwa nje lina karibu milimita 34, mkono unalizunguka vizuri. Lile la inchi moja na robo ni nene. Kimoja kilale ukutani, kwenye urefu wa sentimita 70, na kati yake na ukuta mwache sentimita 5. Upande wa wazi kiwe cha kukunjwa juu kwa bawaba, sentimita 32 kutoka katikati ya sinki. Nimeona vyoo ambako kishikio hiki kimechomelewa moja kwa moja; kinafunga njia ileile ya kuhamia. Tofali za saruji na mchanga hazishiki bolti fupi: pitisheni bolti hadi upande wa pili na kibati cha chuma, kisha mtu mzito aning'inie kabla ya kupaka rangi.

Ngazi sasa. Kufika mlango mpya jengeni njia ya mteremko. Sentimita 34 kwa mteremko wa 1 kwa 12 (kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele) ni mita 4 na sentimita 8, bila kuhesabu sehemu tambarare za sentimita 150 juu na chini. Ile ya juu iongezwe nafasi ya mlango kufunguka. Msikubali kufupisha, mteremko mkali huangusha mtu kinyume. Kingo za sentimita 10 pembeni, mikono ya chuma pande zote, uso ukwaruzwe kwa fagio zege likiwa bichi. Chini wekeni mfereji wenye wavu, la sivyo matope ya masika yatapanda na magurudumu.

Wapo pia watakaofika kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono. Hiyo haigeuki ndani, kwa hiyo iachiwe kivuli karibu na mlango. Mwenyewe huenda akaingia kwa kutambaa. Kwa ajili yake sakafu iwe kavu, isiyoteleza, yenye mteremko mdogo kuelekea kitundu cha maji. Marumaru laini hapana. Koki ya kujisafishia iwe ya mkono mrefu, inayofikiwa ukiwa umekaa.

Mchoro upelekeni kwa mhandisi wa manispaa mkiwa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 mkononi. Na jambo moja la bure: ndoo, mafagio na simtanki ya akiba vitafutiwe stoo nyingine, kwa sababu nafasi ya sentimita 150 ikionekana tupu, mlinzi ataigeuza stoo ndani ya wiki, ataifunga kwa kufuli na kuondoka na ufunguo.