Mdogo wako achague mji gani wa skii: Zermatt, Chamonix au Innsbruck

Mkuu umeuliza kwa niaba ya mdogo wako wa hapa Chumbageni, kapata njia ya Ulaya na anataka mji wa skii (kuteleza kwenye theluji), kati ya Zermatt ya Uswisi, Chamonix ya Ufaransa na Innsbruck ya Austria aende wapi. Innsbruck nimeishi enzi za kusoma, hizo mbili nimefika kama mgeni. Sasa hujasema anaenda kuishi na mkewe na mtoto au anaenda kushangaa theluji arudi zake Tanga, na jibu linageukia hapo hapo.

Kama ni kutembea tu, Zermatt aisee. Magari ya mafuta hayaingii, gari unaiacha kijiji cha Täsch unadandia treni, dakika kama 12 tu, ukishuka unakuta vigari vya umeme na mlima Matterhorn umesimama huo, mita 4,478. Juu kuna barafu ya mwaka mzima, watu wanateleza mpaka Julai. Ila kuishi? Thubutu. Sisi Tanga tunasemwa bure, waja leo waondoka leo wenyewe ni wale, maana msimu ukiisha hoteli kibao zinafungwa, vijana wa kazi wanatawanyika, unabaki unaangaliana na mlima. Halafu Uswisi haimo EU (Umoja wa Ulaya), bei zake utalia, na kibali cha kazi kwa mtu wa huku kwetu ni mtihani.

Chamonix ndo walikofanyia Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, 1924, na ni mji wa wapanda milima haswa. Kuna kibehewa cha waya kinakupandisha mpaka Aiguille du Midi, kilele cha mita 3,842, wakati mji wenyewe uko kwenye 1,035, kwa hiyo ukishuka huko juu pumzi inakata, tembea polepole. Sehemu za kuteleza zimetawanyika bonde zima, unagombania basi na miskii begani, anayeanza atachoka kabla hajaanguka hata mara moja.

Kuishi ni Innsbruck, sibishani na mtu. Ule ni mji kamili, chuo kikuu kipo tangu 1669, hospitali kubwa, tramu, maduka ya Waturuki yenye nyama halali na mchele (hili shemeji atalishukuru kuliko theluji). Karibu kabisa na mji mkongwe unapanda treni ya Hungerburg halafu vibehewa vya waya, muda si mrefu uko juu ya mita 2,200 unauona mji wote chini. Jumamosi asubuhi kwenye tramu unamkuta kijana na viatu vya skii, vile vigumu, anatembea kama roboti, pembeni yake bibi kapakata kikapu cha viazi anaenda zake kwake na wala hana habari naye. Mimi hapo ndo nauona mji wa kuishi, mji wenye watu ambao skii haiwahusu.

Kasoro zipo. Kodi za nyumba ni moto, Jumapili maduka yamefungwa, na kuna upepo wa joto wanauita Föhn, ukivuma nusu ya mji wanalalamika kichwa. Na theluji mjini haina uhakika, Olimpiki ya majira ya baridi ya 1964 ilifanyika hapo, theluji ikagoma kuanguka mpaka jeshi likaibeba kutoka milimani. Mji uko chini eti, Lushoto yetu iko juu kuliko Innsbruck na hata Chamonix, ni vile tu wao wako mbali na ikweta.

Akienda kutembea akwepe Februari, shule za huko zinafunga na bei zinapaa, Januari katikati au Machi ndo poa, Machi jua linakaa zaidi. Skii na viatu akodi, asinunue, ila glavu na suruali isiyopitisha maji anunue nzuri maana siku za mwanzo atakaa chini sana. Na alipie mwalimu, asikubali kufundishwa na mshikaji, mshikaji atampeleka njia nyekundu siku ya kwanza wakati za wanaoanza Austria ni zile za bluu.

Akiamua Innsbruck nicheki inbox nimwelekeze mitaa ya kutafuta chumba.