Umepata rodi ya besi? Isome kwanza kabla hujanunua rili

Swali ninaloulizwa sana ni hili, nimepata rodi nzuri ya kuvulia samaki aitwaye besi, sasa nitie rili gani (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), na mtu hapo ashanitumia picha tano za beitikasta, zile rili zinazokaa juu ya rodi, zinazong'aa. Jibu langu huwa moja tu, nitumie picha ya rodi. Juu kidogo ya mkono, karibu na pale rili inapofungwa, pameandikwa uzito wa chambo, nguvu ya mshipi, na kama rodi ni laini, ya wastani au nzito. Rili ndo inafuata rodi.

Besi mwenyewe huku pwani ya Kenya hatunaye, huyo ni wa maji baridi, alitolewa Marekani akatiwa Ziwa Naivasha miaka ya 1920. Lakini rodi yake yafaa mno kwenye hori za Tudor na Mtwapa kando ya mikoko, manake tewa naye ana tabia hiyo hiyo, anavizia kwenye mizizi na akishanasa anarudi mbio kule kule alikotoka, na ukimwachia nafasi kidogo tu mshipi umekatika.

Kwanza hakikisha rodi ni ya beitikasta kweli. Rili hii inakaa juu, pete za rodi ni ndogo na zinaangalia juu, na chini ya mkono kuna kishikio cha kutia kidole. Ukiona pete ya kwanza ni kubwa kama kikombe cha kahawa na inaangalia chini, hiyo ni ya rili ya kuning'inia, usiilazimishe.

Haya, tuseme rodi yako imeandikwa aunsi 1/4 hadi 3/4, yani kama gramu 7 hadi 21, na mshipi wa pauni 10 hadi 17. Hapo rili ya saizi 100 au 150 yatosha kabisa. Ile ya 300 achana nayo, ni ya machambo makubwa na rodi nzito, ukiifunga hapa mkono utachoka kabla jua halijapanda. Ukiwa dukani funga rili kwenye rodi, weka kidole chini mbele kidogo ya rili uone inalala vipi, kama ncha inadidimia sana au mkono wa rodi unavuta nyuma hamna ndoa hapo.

Na usidharau huo uzito wa chini. Kwenye beitikasta spuli yenyewe, ile bobini iliyokunjwa mshipi, inazunguka ukirusha, na kinachoizungusha ni chambo, kwa hivyo chambo cha gramu 3 hakina nguvu ya kuivuta spuli ya kawaida, labda ununue rili yenye spuli nyepesi ya kina kifupi na rodi laini ya kwenda nayo.

Gia sasa. Ukiona 7:1 maana yake ukizungusha mkono wa rili mara moja spuli inazunguka mara 7. Kwa mikoko mimi nataka hiyo 7:1 au hata 8:1, ukishamdunga unakusanya mshipi haraka umtoe kwenye mizizi. Ile ya 5:1 ni ya vyambo vinavyopiga mbizi na kuvuta maji kwa nguvu, inakwenda polepole lakini haikuchoshi.

Kitu kingine watu hawaulizi, mkono wa kuzungushia. Beitikasta huwezi kuuhamisha upande wa pili kama rili za kuning'inia, ukinunua ya kushoto ni ya kushoto milele, kwa hivyo ishike kabla hujatoa pesa.

Breki ndo zinazowakimbiza watu. Funga chambo, inua rodi, bonyeza kitufe uachilie. Kaza kile kifundo cha pembeni mpaka chambo kishuke taratibu, na kikigusa chini spuli isimame papo hapo. Ikiendelea kuzunguka mshipi utavurugika, na kusi likikupiga usoni ongeza breki za pembeni zaidi, kwa sababu upepo unakipunguza chambo mwendo huku spuli bado iko mbio. Dole gumba lisibanduke kwenye spuli, ligusishe kidogo wakati chambo kiko hewani na uzuie kabisa kabla hakijagusa maji.

Kama rili haikuandikwa ni ya maji chumvi bado yaweza kukufaa, ila ioshe siku hiyo hiyo kwa maji ya kawaida yanayotiririka polepole, usiipige kwa presha manake chumvi itaingia ndani zaidi, kisha ikaushe na uitie tone la mafuta kwenye beringi. Na ukitia mshipi wa kusuka, anza na mizunguko kadhaa ya mshipi wa plastiki chini, la sivyo ule wa kusuka utateleza wote juu ya spuli na utadhani dragi, ile breki inayomzuia samaki akivuta mshipi, imekufa.