Duka la mifarishi: vikundi kwanza, tangazo baadaye
Dada yangu, umeuliza kama fedha kidogo ulizo nazo uzitumie kulipia matangazo ya Facebook, au ulijengee kwanza jina duka lako la vitambaa vya mifarishi (yale matandiko yanayoshonwa kwa kuunganisha vipande vya vitambaa) katika vikundi vya washonaji mtandaoni. Mimi ningeanza na vikundi, kwa kuwa mshonaji hupenda kununua kwa mtu aliyemfundisha jambo. Familia ya Jenny Doan, iliyoanzisha duka la vitambaa vya mifarishi la Missouri Star mwaka 2008 huko Hamilton, Marekani, mji wenye wakazi wasiofika 2,000, iliwapata wateja wa mbali kwa masomo ya bure ya YouTube. Nawe chukua msokoto mmoja wa mikanda ya kitambaa iliyokatwa tayari kwa upana wa inchi 2.5, uushone mbele ya kamera ya simu, uonyeshe hata mshono uliopinda na jinsi ulivyoufumua, ndipo utaje bei. Vikundi vingi humkataa anayeingia akinadi bidhaa. Jibu maswali ya wenzako kwa wiki kadhaa kwanza. Tangazo la kulipia liweke kwa siku utakazofundisha darasa la ushonaji dukani, likiwalenga walio karibu na duka. Picha, tafadhali, zipigie dirishani mchana, maana taa ya dukani huigeuza rangi ya maziwa kuwa njano, na mteja akiona rangi si ile ya pichani, mzigo utarudishwa.