Ufukwe wa Bagamoyo una usalama?

SWALI: Anti, nataka kuja Bagamoyo na wadogo zangu wikiendi ila huku Dar wananitisha eti bichi imejaa vibaka, kweli au wanakuza?

JIBU: Wanakuza, tena wengi wao hata hawajafika huku siku nyingi. Mchana pale soko la samaki na Mji Mkongwe mnatembea bila presha, watu wamejaa na wanajuana. Pa kuogopa ni ufukwe mtupu, hasa mkitaka kwenda magofu ya Kaole kwa miguu kupitia mchangani, ni kama kilomita 5 kusini, mikoko na kimya, ukikabwa huko nani atakusikia? Nendeni na bajaji kwa barabara, au na mtembeza wageni mwenye kitambulisho. Giza likiingia tokeni mchangani. Likitokea lolote, polisi ni 112.